Feni Iliposimama

Multan,
Ijumaa asubuhi

Dada yangu mpendwa Rukhshanda,

Assalaam alaykum. Natumai wewe, shemeji na mapacha mu wazima, na kwamba kikohozi cha baridi ya Quetta kimekuachia. Sisi huku miili haina neno. Roho yangu ndiyo mgonjwa, na naandika kwa haraka, kwa hiyo unisamehe mwandiko.

Unamjua Agha Dilgir, yule wa blogu ambaye hununui kitabu wala kusikiliza wimbo mpya wa kawali mpaka umsome kwanza. Dada, Agha Dilgir ni mimi. Nilijipa jina la kiume kwa sababu mwanamke akikosoa shairi huulizwa kama chakula kimeiva. Hata mume wangu Tabish, huko Sharjah, hajui.

Sasa ulimi umeniponza. Unajua baba mkwe tangu astaafu posta anatunga ghazali, mashairi ya mapenzi. Diwani yake imetoka, na shemeji yangu Shahwez, nduguye Tabish, akamtumia Agha nakala kwa barua pepe, bila kujua anamtumia nani, ili sifa zitangulie sherehe ya uzinduzi. Nawe unazijua sherehe zetu: watu husimama mmoja mmoja na karatasi za sifa, hakuna asemaye kweli, kisha sambusa. Ningenyamaza tu. Lakini niliandika kwamba ghazali zile zinamlilia mpenzi ambaye mshairi hakuwahi kuwa naye, ila shairi moja, la kandambili za marehemu mkewe zilizobaki mlangoni, limetoka moyoni. Nikawaambia wasomaji wasome hilo, mengine wamwachie mwenyewe.

Shahwez alipoyaona maneno hayo aliapa kumvunja huyo Agha vidole. Alisema kama ni mtu wa mji huu atamjua tu. Nilikuwa nakanda unga wa roti, nikazidi kuukanda. Nikijulikana, dada, nitarudishwa kwetu na sanduku langu, na kalamu ndiyo basi.

Jana mchana baba mkwe, ambaye macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho, akaniita nimsomee maneno ya Agha kwenye kompyuta ya sebuleni. Nikasoma kama mtu anayesoma habari za majirani. Nilipofika kwenye kandambili nikashindwa kutazama, nikafumba macho, nikaendelea hadi mwisho. Kisha baba mkwe akasema:

“Feni imesimama, mwanangu.”

Nikafumbua macho. Umeme ulikuwa umekatika na kompyuta imezimika. Nilikuwa nasoma kioo cheusi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Hakufoka. Alisema, kwa kuwa nina kichwa chepesi, nimsomee basi na lile la kandambili. Nikalisoma, naye akageukia ukutani. Alipogeuka tena akaniambia:

“Kesho kwenye uzinduzi Agha atayasoma maneno yake mbele za watu. Asipunguze hata neno.”

Jioni akamwambia Shahwez kuwa Agha amekubali kuja, awekewe kiti cha mbele. Shahwez amefurahi mno. Ameshawaita rafiki zake wamngojee mlangoni, na tangu alfajiri anapita jikoni akiniuliza kwa mzaha kama nimemwandalia mgeni chai ya mwisho. Nami nacheka naye, dada, huku nikipanga vikombe. Sijui kama baba mkwe amenipa heshima au ananitoa kafara. Sikuthubutu kumuuliza.

Dupatta yangu, ule mtandio wa kijani, nimeipiga pasi mara mbili. Karatasi ya maneno ya Agha nimeikunja ndani ya mkoba, ingawa nayajua yote kwa moyo, kama baba mkwe alivyokwisha kuona.

Nisalimie shemeji, wabusu mapacha, na uniombee dua. Mtu yeyote akikupigia simu kunisema, mwambie wewe ulijua zamani.

Mdogo wako akupendaye,
Shaista
na kuanzia saa kumi leo alasiri, Agha Dilgir