Mama na Jua la Asubuhi

Chumbageni, Tanga

Kaka Sabiri,

Shikamoo. Sisi wazima, na mpapai wa uani umezaa. Uliniambia utafiti wenu umeonyesha kwamba ubongo wa mzee husahau majira ya siku, na jua la asubuhi huusaidia. Basi kila kukicha namkalisha mama barazani, na kweli sasa usingizi anaupata.

Jana nilimwekea ile video unamoeleza utafiti wako. Alisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu.

"Mtoto wa nani huyu, Hafsa?"

"Wako, mama. Sabiri."

Akacheka. "Sabiri mdogo, yuko madrasa. Huyu mtu mzima. Mungu amtunzie mamake."

Njoo, kaka, hata kama atakukaribisha kama mgeni.

Mdogo wako,
Hafsa