Chupa ya ine

Mujukuu yangu Masengo,

Jambo sana kutoka hapa Kenya, commune yetu ya Lubumbashi. Mama yako iko muzuri, na mvua imeanza. Kwa simu uliniuliza kama nasikia upweke tangu nilimuzika muke wangu, kambo yako mwanamuke, Feza. Nilijibu hapana. Leo nakujibu tena.

Wakati wa Zaire, nikingali kijana, nilikuwa natumika ku ferme moja ya ngombe karibu na Lukafu, yenye kulisha nyama bantu ba migodi ya shaba. Agronome wa pale, fundi wa udongo na majani, alifukia chupa kumi chini ya malisho, zikamate maji ya mvua yenye kushuka. Alitaka kujua azoti, ile mbolea yenye kuotesha majani, inapotelea wapi. Mimi nilibaki pale peke yangu kulinda chupa. Ngombe zilikatazwa kuingia ndani ya senyenge yenye kuzunguka pale.

Siku moja akarudi na majibu ya maji yenye alipeleka kupima. Chupa ya ine ilikuwa na azoti kupita zote.

"Hapa ngombe inalalaka," akasema. "Mukojo yake imeshuka mpaka chini."

Nikajua kazi yangu imeisha. "Ndiyo, patron. Ni ile ngombe muzee. Naiingizaka, tunakaa pamoja. Hakuna muntu mwingine wa kusema naye."

Hakunifukuza. Alifunga kitabu chake, akakaa kwenye majani pembeni yangu, akaniuliza jina ya mama yangu.

Basi, Masengo, usiniulize tena kwa simu. Siku utakuja, angalia tu inje ya mulango. Kila asubui natoa viti mbili, nakaa ku moja tu.

Kambo yako