Kitabu Alichotutumia Johannes

Kabondo, Kisangani
14 Septemba 2025

Mpendwa mwanangu Nyota,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Habari za afya yako? Ule mgongo uliokuwa ukikuuma kwa kuinua wagonjwa hapo hospitalini umepata nafuu? Sisi hatujambo. Mama yako mkubwa Aïcha magoti bado yanamsumbua, lakini mdomo ni mzima kabisa. Mvua zimeanza, umeme unakuja unapotaka, na mtumbwi wa kuvuka kwenda Lubunga umepanda bei tena.

Baraka ataipiga picha barua hii akutumie kwa simu, maana nataka ikufikie kabla ya Hamadi. Hamadi ameruka juzi kuja huko kwenu Ujerumani na amebeba kile kitabu alichotutumia Johannes. Kinarudi. Unajua kwetu zawadi ya mchumba ikirudi maana yake ni nini. Basi usilie kwanza, soma hadi mwisho.

Nianzie pale Hamadi alipofungua mfuko. Tulikuwa tunatazamia vitenge, na mimi moyoni nilikuwa natazamia kanzu. Suala la dini Johannes alishalimaliza na imamu wenu huko, kwa hiyo ilibaki kujitambulisha kwa familia tu. Kikatoka kitabu kimoja cha Kijerumani, kikuukuu, historia ya kikosi ambacho babu yake alikitumikia katika vita vya pili vya dunia. Mama yako mkubwa aliuliza kama vitenge viko chini yake.

Mimi nilifurahi, sitakuficha. Ugonjwa wangu unaujua. Tangu yule mtawa, Frère Konrad, aliponifundisha uchapaji na Kijerumani katika kiwanda cha misheni, nimekuwa nikikusanya historia za vikosi vya Wajerumani. Nyingine nilizitoa kwenye misheni zilizofungwa, nyingine zilishuka na meli kutoka kwa watu wasiojua wanachofungia sabuni. Nimezijaza kwenye sanduku la bati kwa sababu ya mchwa. Mwanzoni nilikuwa namtafuta babu yetu, aliyewabebea Wabelgiji mizigo mpaka Tabora walipopigana na Wajerumani katika vita vya kwanza. Sikumwona. Lakini kusoma kulishaniingia, na watu wa mtaa wameacha kuuliza.

Kitabu cha namna hii kina njia yake ya kupimwa. Kwanza natazama nani alilipa mchapaji. Kama ni chama cha askari wastaafu, najua nitasoma habari za urafiki, theluji na farasi waliokufa, na kila kamanda atakuwa baba wa askari wake. Kama kiliandikwa na ofisi ya kikosi chenyewe mara baada ya vita, tarehe zitakuwa sawa na mambo mengine yatakuwa makavu kama muhogo wa jana. Kitabu kizuri kinakubali kwamba siku fulani walikimbia, au walipiga watu wao wenyewe kwa makosa. Halafu natafuta raia. Kikosi kimepita katika vijiji mia. Je, mle ndani kuna mtu hata mmoja anayepika?

Hicho cha Johannes kilichapwa na wastaafu. Karatasi nzuri, ramani nzuri, mshono imara. Masika ya mwaka 1942 yana sura nzima. Vuli vilevile. Majira ya joto yaliyo katikati yamepewa nusu ukurasa, na humo wanasema kikosi kilikuwa kinalinda usalama wa barabara nyuma ya mstari wa vita. Mwanangu, maneno hayo nimekutana nayo katika vitabu vingi. Yakionekana, ujue kuna vijiji ambavyo havitatajwa tena kwenye ramani za sura inayofuata. Nilizilinganisha ramani mbili kwa lenzi. Havikutajwa.

Nilikasirika, na mimi si mtu wa kukasirikia karatasi. Unajua kwa nini. Majeshi mawili ya wageni yalipopigana hapa kwetu kwa siku sita mwaka 2000, bomu lilimkuta mama yako Sikujua jikoni, na wewe ulikuwa mgongoni kwa Aïcha nyumba ya pili. Siku moja wastaafu wao nao watakaa kuandika, na Kisangani itakuwa daraja na kiwanja cha ndege. Jiko la dada yangu halitakuwemo.

Sasa nisikilize kosa langu. Familia ilikusanyika Ijumaa, mkeka ukatandikwa, kitabu kikawekwa katikati kama zawadi yoyote. Wewe unajua desturi yetu: mkubwa anaifungua zawadi, anasema neno moja, na wengine wanafuata. Akisema ni mbaya, mkono ulioileta unairudisha siku ileile, bila maswali na bila kelele, ili mtu asiaibishwe. Mimi nilikuwa mkubwa. Aïcha akaniuliza, kila mtu akisikia:

“Donc, hii kitabu iko namna gani?”

“Iko mubaya,” nikasema. “Inaficha.”

Nilikuwa najibu kama mkusanyaji. Miaka yote hii watu wananiletea vitabu, nami nawaambia kizuri au kibaya, kisha tunakunywa chai. Haijawahi kutokea mtu akaniletea kitabu kwa ajili ya msichana. Nilikuwa nimevuta pumzi nieleze ile nusu ukurasa, lakini Aïcha alikuwa ameshakifunga kitambaa na kumkabidhi Hamadi. Mimi niliendelea na ramani zangu, wenzangu wakila mboga ya pondu kwa huzuni. Nilielewa baadaye, Émilie jirani alipoingia kunipa pole kwa posa iliyovunjika. Nilipokimbilia kwa Hamadi, mkewe akaniambia ndege imeshaondoka kiwanja cha Bangboka.

Ningeweza kutuma neno tu kwamba ni makosa. Lakini nilikuwa nimekisoma kile kitabu, na kutokisoma tena siwezi. Nilijiambia: kama kijana huyu ametuletea sifa za babu yake akidhani hatutaona, basi Aïcha amefanya vema na mimi nitanyamaza. Ndiyo sababu nikampigia yeye kwanza, si wewe. Unisamehe. Nilimwuliza kwa Kijerumani changu cha kiwandani, bila kuzunguka, babu yake alikuwa wapi majira yale ya joto.

Yeye naye hakuzunguka. Akasema:

“Alikuwa hapo. Nilikwenda kusoma karatasi za serikali. Walichoma vijiji viwili na watu wakiwa ndani. Baba yangu hataki izungumzwe nyumbani, na aliniambia nisiwatumie kitabu hicho. Nimekituma kwa sababu mnanipa mtoto wenu, na mnapaswa kujua anaingia nyumba gani.”

Nilimwuliza kama wewe unajua. Akasema wewe ndiye wa kwanza kuambiwa, na kwamba mlikubaliana nisipewe fununu yoyote ili nisome kwa macho yangu. Kwa hiyo mlinipa mtihani, mzee mzima, na mbele ya mama yako mkubwa. Tutayazungumza hayo siku nyingine.

Kitabu bado ni kibaya, sibadilishi neno. Mtu aliyekituma ni mwema, na hayo mawili nilipaswa kuyatenganisha pale mkekani.

Jioni nilimweleza Aïcha yote, hata vile vijiji. Niliogopa, kwa sababu ndiye aliyekulea, na ndiye aliyemwosha Sikujua. Aliendelea kumenya ndizi zake za makemba hadi zikaisha. Halafu akasema:

“Bale balipiga mabombe huku, hakuna mutoto wao hata mumoja alishatuma kitu hapa aseme: papa yangu alikuwa mule. Hata mumoja, Asumani. Umuambie akamate ile kitabu ku mikono ya Hamadi, ailete ye mwenyewe. Nitamupokea mu nyumba ya Sikujua.”

Nyumba ya mama yako, Nyota, Aïcha hajawahi kuifungulia mgeni tangu vita vile. Leo asubuhi nimekuta madirisha yamefunguliwa na yeye anafagia.

Hilo ndilo jibu la familia. Mpe Johannes kama lilivyo.

Tonton Sefu anakusalimu, pamoja na Binti na watoto wake. Émilie naye anakusalimu na kuomba radhi kwa pole aliyoitoa mapema. Baraka anasema nimeandika sana na betri ya simu inakwisha. Mungu awalinde ninyi wawili barabarani na kazini, awape baridi mnayoweza kuivumilia, na awafikishe hapa mkiwa wazima.

Noko wako, mjomba anayekupenda na ambaye safari hii angefaa kunyamaza,

Asumani