Sili za Rota na Mkono wa Kaka

Jumanne, usiku

Kaka Masanja amevunjika mkono, na niliyemvunja ni mimi.

Asubuhi tulifungua injini ya rotari ya gari lake, hapa gereji Igogo. Sili moja, kile kijiti cha kuziba mwanya kwenye ncha ya rota, ile pembetatu inayozunguka ndani, ilikuwa imepasuka, vipande vyake vimekwaruza ukuta wa ndani. Nikamwambia safari hii tufunge za chuma, hazipasuki ovyo. Yeye akang'ang'ania zilezile za kauri, maana ni nyepesi na Jumapili ana mbio.

"Zikipasuka tena injini imekufa," nikasema.

"Mtoto wa kike unanifundisha gari langu?"

Akanikaba koo, akanibamiza kwenye meza ya kazi mpaka nikaona giza. Nikapapasa, nikapata spana, nikampiga nayo. Nilisikia mfupa ukivunjika.

Hospitali wamemfunga hogo la plasta. Mama alipofika akauliza kulikoni.

"Nimeteleza, mama," akajibu. Hakunitazama.

Mama akamshukuru Mungu. Mimi nikavuta mtandio kufunika alama za vidole vyake shingoni.

Koo bado linauma, lakini si ndilo linaloninyima usingizi. Nilimpiga mara mbili. Ya pili alikuwa ameshaniachia.