Gunia Limekaa Mahali Pako

Mama Maige,

Maharage yapo jikoni, yaongezee maji. Mbuzi nimeshawafunga. Nimekwenda Kisesa na pikipiki, nitarudi ~~kesho~~ leo jioni.

Asubuhi sikukusudia kukutisha. Vijana wa bodaboda pale Nyegezi waliniambia tairi la mbele linanyanyuka vizuri ukiwa na uzito nyuma. Nyuma nilikuwa na wewe. Nilitakiwa nikuambie kabla, sio tairi likiwa tayari juu. Ukashuka, ukatembea mpaka nyumbani bila kugeuka, nami nakufuata polepole nikipiga honi kama mjinga. Ukasema, "Mzee mzima, katafute mzigo mwingine."

Haya, nimetafuta. Nimefunga gunia la mpunga mahali pako. Halipigi kelele, ila halinishiki kiuno.

Jumapili ni ubatizo wa mjukuu kule Magu, na sitaki upande basi peke yako. Twende wote, matairi yote mawili yatakaa chini. Ukikubali, acha kitenge chako cha safari hapa mezani. Nikikikuta, gunia nalishusha.

Chumvi imeisha, nitakuja nayo.

Baba Maige, bado mumeo