Mekundu Huku, ya Madoa Kule

Mwalimu Skola,

Shikamoo. Nimekaa kwenye kile kiti chako cha kitoto, ulichokuwa unakikalia mpaka magoti yanakaribia kidevu, na hakuna wa kuniitikia. Kiti hiki kimenusurika kwa sababu siku ile kilikuwa kwa fundi. Nitakueleza siku ile.

Tulikuzika kwenu Kasulu, nyuma ya nyumba ya kaka yako, pale migomba inapoishia. Nilikusindikiza kutoka hapa Busunzu hadi kaburini. Mimi ni msaidizi wako tu, wa kujitolea, lakini ndugu zako waliniketisha pamoja na wanao, nami nikalia kama mwanao. Nilibaki huko mpaka matanga yalipoanuliwa.

Niliporudi, wazazi walikuwa wananisubiri mlangoni mwa darasa la awali. Wamependeza, Mwalimu. Mama Jenerosa ndiye aliyenishika mkono kuniingiza ndani. Wakaniambia wamekupa heshima ya mwisho: sisi tukiwa msibani, wao walijipanga wakasafisha darasa lako. Walipiga chokaa. Waliomba deski chakavu za darasa la nne, wakazigongelea misumari, wakazipanga kwa mistari. Kona zako zote za michezo hazikuwepo. Yale magunzi yaliyovishwa vitambaa ambayo watoto walikuwa wanayabeba mgongoni, visoda vya kona ya duka, ng'ombe wa udongo, makopo ya maharage. Walivichoma vyote nyuma ya choo. Na waliniambia kwa uchungu kabisa kwamba mwalimu wa watu amefundisha miaka yote kwenye takataka zile na wao hawakumsaidia mapema.

Watu wametoka jasho kwa ajili yako. Nikawaambia asanteni.

Jumatatu watoto waliingia, wakasimama. Walikuwa wanatafuta mduara. Wewe ulianza kila asubuhi kwa mduara na makofi, kila mtoto anamsalimu mwenzake kwa Kiha, "mwakeye", na kumtaja jina, hata yule anayejificha nyuma ya wengine. Ulikuwa unasema hapo ndipo mtoto anapojua kwamba yupo. Sasa hapo katikati pana deski. Miguu yao haifiki chini, inaning'inia tu. Wanaandika a, e, i, o, u kuanzia asubuhi mpaka uji uive. Mwalimu mkuu alichungulia dirishani akasema sasa hili ndilo darasa. Wazazi nao wamefurahi, madaftari yanajaa.

Nimejaribu, usidhani nimekaa kimya. Kwenye kikao cha wazazi niliwaeleza kama ulivyonieleza mimi siku zangu za kwanza, nilipokuuliza kwa ujinga wangu tutaanza kufundisha lini. Kwamba mtoto anayefinyanga udongo anaviandaa vidole vishike kalamu. Kwamba anayecheza duka anajifunza kuhesabu, na kusubiri zamu yake bila kupigana. Kwamba anayembembeleza mtoto wa gunzi anatoa maneno ambayo hawezi kuyatoa mbele ya mtu mzima. Walinisikiliza kwa adabu. Halafu baba mmoja akasema, "Mwalimu, kucheza wanacheza nyumbani bure." Wakaangua kicheko, nami nikakaa chini. Wewe ungewarudishia utani, wakacheka zaidi, na bado wangekubali. Mimi sina ulimi wako.

Lakini hasa nilitaka kukuambia habari za Jenerosa.

Unakumbuka alivyokuja. Kiha hasemi, Kiswahili hasemi, kalamu inamponyoka. Ulimpa kopo la maharage yaliyochanganyika ukakaa naye sakafuni: mekundu huku, ya madoa kule. Asubuhi baada ya asubuhi, hivyo hivyo. Mpaka siku ile ulipoweka jekundu kwenye ya madoa, makusudi, naye akakuzuia mkono akasema, "Si hapo." Neno lake la kwanza darasani. Ulitoka nje ukalia, ukarudi unajidai vumbi limekuingia machoni. Nani alikuamini?

Amenyamaza tena, Mwalimu. Kalamu inamponyoka tena. Juzi alijikojolea kwenye deski kwa kuogopa kuomba ruhusa, wenzake wakamcheka, na kesho yake hakuja. Nikaenda kwao. Mama yake hakunigombeza hata kidogo. Alisema kwa upole, "Uyu mwana hana kichwa cha shule. Abaki amlee mdogo wake." Mama huyo huyo aliyekupigia chokaa! Anakulilia mpaka leo. Natamani nimchukie, nashindwa.

Jenerosa alikuwa uani, mdogo wake mgongoni, ameketi kwenye turubai la maharage yaliyopurwa. Alikuwa ameyapanga. Mekundu huku, ya madoa kule, mistari imenyooka, hakuna aliyemwambia. Mama yake akapita na ungo, akayazoa yote pamoja akayamimina kwenye gunia. "Usichezee chakula." Mtoto hakulia. Alibaki anaitazama mikono yake. Mimi ndiye niliyelia, njia nzima.

Pumzika, Mwalimu wangu. Siwezi kukuahidi kwamba nitazirudisha kona zako. Uwezo sina, na imani nayo imeniisha; kila mmoja hapa ameridhika, na ukimwambia mtu aliyeridhika kwamba kuna kilichoharibika anakuona mgonjwa. Shuleni Jenerosa hatarudi, hilo nimelikubali.

Nakuahidi Jumamosi tu. Nimemwomba mama yake niwe nakwenda kumsaidia kuchambua maharage. Amefurahi, anasema hajawahi kuona mwalimu anayependa kazi hivi. Mwache adhani hivyo. Nitakaa na Jenerosa kwenye turubai, nitaweka mekundu huku, ya madoa kule, na nitakosea. Nitaendelea kukosea, Mwalimu, mpaka anizuie mkono.

Msaidizi wako,
Edina