Karata za Kyoto na kazi yangu ya Braamfontein

Fordsburg, Jumamosi, Julai 2018

Jua linawaka, lakini baridi wala haina habari nalo. Nimekaa chumbani juu ya duka, nimejifunika blanketi la mama mdogo. Naandika haraka kabla sijaanza kujishauri upya.

Wiki hii studio ndogo ya mtaa wa jirani wa Braamfontein, inayotengeneza michezo ya video, ilinipa kazi ya uchoraji. Mama mdogo Zuhura, aliyenileta huku kutoka Tanga na ninayemsaidia kuuza vitambaa, alikataa palepale. "Hiyo ni kamari ya watoto," alisema.

Basi nikaenda kusoma habari za kampuni kubwa za michezo za Japani, nimwoneshe kwamba ni watu wa heshima. Ile mashuhuri kuliko zote, ya Kyoto, zaidi ya miaka mia iliyopita ilianza kwa kutengeneza karata. Na wateja wake wazuri walikuwa wacheza kamari!

Nilizima simu kwa hasira.

Ningeweza kuiruka hiyo nikamsimulia nyingine. Iko iliyoanza kwa kukodisha na kukarabati mashine za muziki. Iko iliyoanza na farasi wawili wa mashine wa kupandwa na watoto, juu ya paa la duka kubwa. Lakini mama mdogo ndiye aliyenilea. Akija kuyasikia kwa mwingine, hataniamini tena. Leo asubuhi, tukikunja vitambaa, nikamwambia yote, nikianza na karata.

Mteja akaingia, akakatiwa kitambaa chake, akatoka.

"Waliziacha hizo karata?" mama mdogo akauliza.

"Hapana, mama mdogo, mpaka leo wanazitengeneza. Ila kazi yao kubwa sasa ni michezo ya video."

"Na hao wako wa Braamfontein wanatengeneza nini?"

Sikuwahi kuuliza.

Nikampigia mkuu wa studio mbele yake. Hakuficha: nusu ya kazi zao ni michezo ya kasino, kamari hasa, kwa wateja wa nchi za nje, na huko ndiko walikotaka kuniweka. Nikamwambia hiyo sichori.

"Eish," akaguna kama watu wa huku. Akasema kwenye michezo ya watoto ana nafasi ya siku tatu tu kwa wiki, na mshahara utapungua.

Nikamwambia nakuja Jumatatu.

Mama mdogo hakunipa baraka, wala hakunizuia. Alivuta kitambaa kingine akaendelea kukunja. "Siku zinazobaki, saa mbili kamili asubuhi uwe hapa dukani."

"Sawa, mama mdogo."

Nimeshapiga pasi blauzi. Penseli nimezichonga zote. Siku tatu ni chache, najua, lakini nitachora mpaka waniombe wenyewe ya nne.